Kamati ya Kusafisha Mchanga wa Bahari ya Tunduma

Kutoka Tunduma hadi bahari iliyo karibu ni zaidi ya kilomita mia tisa, lakini Abdulwahab hakuona kwa nini jambo dogo kama hilo limnyime bahari. Alikuwa ameiona moja Dubai, alipokwenda kununua vichwa vya malori. Ilikuwa imefungiwa ndani ya kioo kwenye mapokezi ya hoteli, samaki wa rangi za khanga wanapita mbele ya wageni huku wageni wakiandikishwa. Akarudi nyumbani hana usingizi. Miezi sita baadaye hoteli yake, iliyo barabara kuu pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Zambia, nayo ikawa na tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, maji ya chumvi, mawe, mchanga mweupe na samaki kumi na mmoja. Wafanyakazi waliliita Bahari. Mgeni akiuliza choo kiko wapi, anaambiwa apite Bahari, akate kushoto.

Kazi ya kuitunza Bahari alipewa Tusekile, mpokezi, kwa sababu mbili: meza yake ilikuwa karibu, na kidato cha sita alisoma baiolojia. Kwamba binti huyo wa mkulima wa kahawa wa Mbozi hajawahi kuiona bahari yenyewe hata siku moja, halikumsumbua mtu. Alijifunza kwenye simu. Alijifunza kupima chumvi, kubadilisha maji na kusafisha chujio. Alijifunza pia kwamba chumvi ya kupikia haifai, na hilo alilijua mapema kuliko bosi, ambaye kwa uzalendo wake aliagiza magunia mawili ya chumvi hiyo kutoka Ivuna, mkoani humo humo, na kuwazika samaki wanne wa kwanza ndani ya siku tatu.

Alikuwa na miezi kumi na moja kazini bila mkataba. "Bado uko kwenye majaribio," bosi alimwambia kila alipoulizia, kwa sauti ya upole kabisa. Mwenye mkataba alipewa chumba nyuma ya hoteli, na Tusekile alikihitaji chumba hicho kuliko mshahara wenyewe. Binti yake Eva, wa miaka mitano, alikuwa kwa bibi yake Mbozi, maana chumba alichopanga Tusekile alikaa pamoja na wasichana watatu wa saluni, kitanda kwa zamu. Kila Jumapili Eva alimuuliza kwenye simu atakuja kumchukua lini, na kila Jumapili akajibiwa mwezi ujao. Mwishowe mtoto akaacha kuuliza. Kuacha huko kulimuuma Tusekile kuliko maswali yote.

Halafu mchanga ukachafuka. Ulianza kwa madoa ya kahawia kwenye kona, kisha madoa yakaungana, na kufikia Aprili ulikuwa umevaa utando mzito wa kuteleza, wenye mapovu, na mtu akisogeza pua karibu anapata harufu ya yai viza. Bosi alisimama mbele ya kioo mikono nyuma.

"Tusekile, mkutano wa wafanyabiashara wa mpakani ni baada ya wiki kumi. Bwana Chilufya anatoka Ndola anakuja kulala hapa. Huu mchanga ukiwa mweupe siku hiyo, Jumatatu yake unasaini mkataba. Ukiwa hivi..."

Hakumalizia. Akachota kiganja cha chakula cha samaki kwenye bakuli lililokaa hapo pembeni, akakimwaga majini, akaenda zake.

Na hapo ndipo ilipokuwa shida yote, mwenye macho angeiona. Abdulwahab alikuwa mtu wa mkono wazi, na sifa hiyo aliipenda kuliko malori yake. Kwake hapakuwa na aibu kubwa kama kiumbe kuwa chini ya paa lake bila kushiba. Hakuna mgeni aliyepewa ufunguo wa chumba kabla hajawalisha samaki. "Karibu, karibu, anza na hawa," bosi alisema, na dereva wa lori aliyetoka Lubumbashi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope alichota, akamwaga. Mchungaji alichota. Wakala wa forodha alichota mara mbili, kwa mazoea. Kwa siku nzuri samaki kumi na mmoja walikuwa wakiandaliwa chakula cha kulisha bwawa. Walichoshindwa kilishuka mchangani, kikaoza. Tusekile aliliona hilo tangu wiki ya pili. Lakini nani amwambie bosi kwamba ukarimu wake unanuka? Aliyemtangulia pale mapokezi alifukuzwa kwa simu, tena kwa kusema tu kwamba pazia halifanani na zulia.

Bosi aliunda kamati. Mwenyekiti akawa yeye. Mtaalamu akawa shemeji yake Othmani, kwa sababu alizaliwa Tanga. Othmani huyo alikuwa ameuza spea za magari maisha yake yote, na ukimtajia boti tumbo lilimchafuka. Lakini huku milimani mtu akisema kwao ni pwani, basi, papa na nyangumi wote ni watoto wa shangazi yake. Enesi, mpishi mkuu, aliingizwa kwa kuwa jambo lenyewe linahusu samaki. Tusekile alikuwa katibu, yaani mtu pekee kwenye kikao aliyeruhusiwa kujua kitu bila kukisema.

"Wasafishaji," bosi alifungua kikao. "Nimeambiwa wako wanyama kazi yao ni kusafisha mchanga. Tuwachague. Na nataka tuchague kwa sifa, si kwa kujuana."

Tusekile alikuwa ameandika majina kwenye karatasi, baada ya kuzungumza kwa simu na mwanamke mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Naila, anayeuza viumbe vya baharini vya mapambo. Akasoma wa kwanza. Jongoo bahari: mnene, laini, anatambaa taratibu, anakula mchanga, anachuja uchafu uliomo, kisha anautoa ukiwa safi.

"Anautolea wapi?" Enesi aliuliza.

"Nyuma, dada."

Enesi akajifunga khanga vizuri. "Endelea."

"Huyo ndiye mtu ninayemtaka," bosi akasema. "Anakula kazi yake. Shemeji, unawafahamu hawa?"

"Nawafahamu!" Othmani akajibu. "Kwetu Tanga wamejaa. Hodari sana. Wana nidhamu."

"Leteni ishirini."

Tusekile alikohoa. Akaeleza kwamba Naila amesema tangi la kiasi kile linamtosha mmoja tu, na hata huyo mmoja ana hatari zake: akiumia au akivutwa na pampu, anatoa sumu inayoweza kuua samaki wote. Bosi akamtazama kwa huruma. Uchafu ni mwingi, mfanyakazi mmoja atauweza? Kwenye gereji yake magari yakizidi anaongeza mafundi, hapunguzi. Othmani akaunga mkono, akaongeza kwamba jongoo bahari wa Tanga hajawahi kumdhuru mtu.

Wa pili alikuwa kiti cha pweza, yule mnyama wa mikono mitano mwenye umbo la nyota, ambaye hujizika mchangani na kula vijidudu vilivyomo. Tusekile alionyesha picha kwenye simu, na bosi akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mzuri huyu," alisema. "Huyu awe msimamizi wao."

"Bosi, huyu anamaliza vijidudu vyote, halafu hana kingine cha kula. Kwenye tangi dogo anakufa njaa."

"Kwangu?" Abdulwahab aliuliza, na kwa kweli alikuwa ameumia. "Mtu afe njaa kwangu?"

Wa tatu na wa mwisho walikuwa konokono wa mchangani, wadogo kama punje za kahawa, rangi ya matope. Hawa ndio Naila aliowasifia. Wanajifukia siku nzima, wanaacha mrija mdogo tu wa kuvutia maji ukiwa juu, na kule chini wanaugeuzageuza mchanga usigande. Wakinusa mabaki ya chakula wanatoka, wanayamaliza, wanarudi.

"Wanajificha siku nzima?" bosi aliuliza.

"Wanafanya kazi chini, bosi."

"Nani anawaona?"

"Hakuna."

"Basi hawafanyi. Nimeajiri watu miaka ishirini, namjua mtu anayejificha." Othmani akacheka sana. Tusekile aliwatetea konokono wale kwa dakika tano nzima, akitokwa jasho, akisema ni wachache tu wanahitajika, ni wapole, hawana sumu, hawaombi kitu. Alijisikia akiwaombea kazi ndugu zake. Kura zikapigwa, wakakataliwa watatu kwa mmoja. Enesi baadaye alimnong'oneza koridoni kwamba yeye hana kinyongo na konokono, ila bosi alikuwa anamwangalia.

Naila alipopokea agizo la majongoo ishirini alicheka mpaka simu ikakatika. Akatuma watano, pamoja na kiti cha pweza, ndani ya mifuko ya maji iliyojazwa hewa, kwa basi. Tusekile alitaka kuwazoesha maji mapya polepole, tone kwa tone, kwa mpira wa dripu aliouomba duka la dawa. Othmani alipita akauona mpira ule.

"Unawawekea dripu? Wanaumwa? Binti, mimi ni mtu wa pwani, hawa watupe ndani tu, watashukuru."

Wakatupwa. Bosi aliwapokea kwa viganja vitatu vya chakula.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya sherehe. Majongoo walitambaa, wakaacha nyuma yao vijistari vya mchanga mweupe, na wageni wakapiga picha. Mchanga ukaelekea kusafika, bosi akafurahi, akaongeza bakuli la pili la chakula upande wa mlangoni ili na wanaotoka walishe. Utando ukarudi, mzito kuliko ule wa mwanzo. Wiki ya tano kiti cha pweza alianza kunyong'onyea. Alishinda juu ya mchanga, ncha za mikono zikimomonyoka, na vijidudu vya kula hana, kwani alishavimaliza. Vile vipande walivyomwaga wageni havikuwa chakula chake. Bosi alimshushia kamba mzima, akambembeleza kwa maneno. Mkono mmoja ukakatika. Siku ya tatu Tusekile akamtoa na kijiko, na alilia kidogo, chooni, akijua hakumlilia nyota peke yake.

Wiki ya saba jongoo mmoja alipanda kioo, akavutwa na mdomo wa pampu. Tusekile alipoingia asubuhi maji yalikuwa na rangi ya maziwa, na samaki saba walikuwa juu, ubavu. Alibaki amesimama na mkoba begani. Kisha akazima pampu, akawahamisha waliobaki hai kwenye ndoo, akaanza kubadilisha maji. Wiki tatu. Alikuwa na wiki tatu.

Kamati ilikaa kwa dharura. Othmani alitoa taarifa ya kitaalamu: samaki wamekufa kwa kukumbuka kwao, ni jambo la kawaida, hata yeye mwaka wa kwanza Tunduma alikonda. Bosi akainamisha kichwa, akaamua waongezwe majongoo kumi wa kuwafariji waliobaki. Kabla agizo halijaandikwa, akaitwa Lusaka kwa haraka kwa habari ya lori lake lililoanguka. "Nikirudi nitakuwa na Bwana Chilufya," alimwambia Tusekile mlangoni. "Unajua tulichokubaliana."

Bosi alipoondoka, Tusekile alisimama mbele ya Bahari. Akapiga moyo konde. Kwanza akayachukua mabakuli yote mawili akayafungia kabatini. Wageni walioulizia aliwaambia samaki wako kwenye mfungo, na hakuna aliyebisha, wengine waliwasifu. Pili akawafunga majongoo wanne waliobaki kwenye mifuko yao, kwa upole, akawarudisha kwa Naila kwa basi, na basi lilipogeuza likamletea badala yake konokono kumi na wawili wa rangi ya matope. Aliwazoesha maji kwa dripu, akawaweka juu ya mchanga mmoja mmoja. Ndani ya dakika mbili wote walikuwa wamezama, mirija tu iko juu, na mapokezi pakawa hapana cha kutazama.

Samaki wanne alikuwa akiwapa chembe za kushika kwa vidole viwili, mara moja kwa siku. Siku ya nne utando ulianza kuchanika. Siku ya tisa kona ya kushoto ilikuwa nyeupe. Kila asubuhi alifika mapema, akapiga magoti mbele ya kioo, akaona mchanga ukitikisika kidogo hapa, kidogo pale, kazi ikiendelea bila kelele. Aliwapenda wale konokono. Siku ya kumi na nane hapakuwa na doa, na jioni hiyo, bila kungoja Jumapili, alimpigia simu Eva, akamwambia yeye mwenyewe, bila kuulizwa, "Mwanangu, fungasha viatu vyako."

Bosi aliwasili Jumamosi ya mkutano, na Bwana Chilufya ubavuni mwake, mtu mrefu mwenye kofia.

"Mulishani mukwai," Tusekile akamwamkia kwa Kibemba, kama walivyozoea kuwaamkia wageni wa ng'ambo.

"Bwino, bwino," mgeni akajibu, akavua kofia, na macho yakamtoka kuelekea kwenye tangi. "Abdul! Huu mchanga umeufua kwa sabuni?"

Abdulwahab alivimba kichwa papo hapo. Akamtambulisha shemeji yake Othmani kuwa mtaalamu wao wa mambo ya bahari, na Othmani akakubali pongezi kwa unyenyekevu. Kisha bosi akasogelea kioo. "Lakini wafanyakazi wako wapi? Sioni mtu."

Tusekile alidondosha chembe chache. Kwa muda hapakutokea kitu. Halafu mchanga ukafumuka mahali kumi na mbili kwa mpigo, konokono wakachomoza na mirija yao mbele, wakakimbia kwa namna konokono anavyoweza kukimbia. Chilufya akapiga makofi. Bosi alishika kifua.

"Masikini! Wana njaa! Bakuli liko wapi?"

Aliliona kwenye kabati, ambalo Tusekile alikuwa ameliacha wazi alipochota zile chembe, akalivuta, akachota kiganja kizima, akainua mkono juu ya maji. Tusekile akaudaka mkono ule. Aliudaka kweli, kwenye kifundo, wa bosi, mbele ya mgeni, na chembe kadhaa zikamwagika sakafuni.

"Bosi, usimwage."

Othmani alitazama dari.

"Mchanga haukuchafuka kwa kukosa wasafishaji," Tusekile akasema. "Ulichafuka kwa sababu yako. Wewe na wageni wako. Hakuna mnyama wa kusafisha anayeweza kukushinda wewe kumwaga. Nimewapa kidogo tu, bosi, wiki tatu. Hawa wakishiba hawageuzi mchanga, wanalala. Njaa kidogo ndiyo inayowafanyisha kazi."

Alisubiri kufukuzwa. Aliwaza namna ya kumwambia Eva afungue mfuko wa viatu. Abdulwahab aliutazama mkono wake uliodakwa, akautazama mchanga, akamtazama Chilufya, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali.

"Huyu msichana ana akili," Chilufya alisema.

"Njaa kidogo," Abdulwahab akarudia, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Akakirudisha chakula bakulini. "Miaka ishirini najiuliza. Njaa kidogo." Akambusu Tusekile kwenye paji la uso, akasema binti yangu, na wasiwasi wote wa wiki kumi ukamtoka Tusekile mabegani.

Jumatatu saa nne asubuhi wafanyakazi wote waliitwa ukumbini. Mkataba ulikuwa mezani, umepigwa mhuri, na kalamu juu yake. Msimamizi wa Mapokezi na Bahari. Chumba namba tatu, nyuma. Tusekile alisoma kwa haraka mpaka alipofika kifungu cha saba. Akakisoma mara mbili.

Tangu hoteli ifunguliwe, wafanyakazi walikuwa wakila pale pale mchana, ugali na maharage, siku nyingine dagaa, kwa mkono wazi wa bosi. Kwa walinzi wawili na wasichana wa kufua, hicho ndicho kilikuwa chakula chao cha siku. Kifungu cha saba kilisema kuanzia leo chakula hicho kimefutwa, kwa lengo la kuinua ari ya kazi, kufuatana na ushauri wa kitaalamu wa Bi. Tusekile.

"Nimewashibisha nikawaharibu," bosi alikuwa akiwaeleza watu, machozi ya kweli yakimlengalenga. "Nilidhani ni upendo. Huyu binti ndiye aliyenifumbua macho, tumshukuru."

Othmani, ambaye hula nyumbani, alianza kupiga makofi. Wengine wakamgeukia Tusekile.

"Bosi," akasema, "watu si konokono."

Abdulwahab akacheka kwa mapenzi. "Hata konokono uliwatetea hivyo hivyo, mwanangu. Saini."

Alifikiria kuichana ile karatasi. Alifikiria kwa dhati, mpaka vidole vikaishika kwenye kona. Halafu simu mfukoni ikatetemeka, ujumbe wa mama yake: tayari wamepanda gari Mlowo, Eva amekataa kuvua viatu. Tusekile akachukua kalamu, akatia sahihi, mahali pote pawili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Enesi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, sufuria kubwa mkononi, akisubiri kama kila siku kuambiwa idadi. Hakumtazama bosi. Alimtazama msimamizi mpya.

"Niweke maji ya ugali wa watu wangapi?"

"Wageni tu, dada," Tusekile akasema.